Sarafu ya Askofu Mkuu Ecgberht wa York: nyota tano kwa sarafu, nne kwa muuzaji

Siku nyingi nilitamani sarafu yenye jina la kiongozi wa kanisa, si ya mfalme peke yake. Nimeipata kwa muuzaji mmoja wa sarafu za kale hapa Uingereza, na imenigharimu karibu kodi yangu ya mwezi mzima. Sijutii hata kidogo.

Ni sarafu ya fedha, upana wake kama milimita 12, uzito gramu moja hivi. Inakaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Ilipigwa York enzi za Mfalme Eadberht wa Northumbria, ufalme wa kale wa kaskazini mwa Uingereza, kati ya 737 na 758. Upande mmoja kuna msalaba mdogo uliozungukwa na jina la mfalme. Igeuze: mtu amesimama, kila mkono ameshika msalaba, na pembeni yake herufi ECGBERHT AR (AR ni kifupi cha "askofu mkuu" kwa Kilatini). Huyo ndiye askofu mkuu, ndugu wa damu wa mfalme. Kwenye yangu, herufi mbili za mwisho zimekatika nusu kwa sababu kipande cha fedha kilikuwa kidogo kuliko muhuri. Muuzaji alilisema hilo wazi, na picha zake alizipiga kwa mwanga wa ubavuni, hata mikunjo ya kanzu unaiona.

Miaka ile sarafu nyingi za kusini zilikuwa zimechakachuliwa kwa shaba, tena hazina jina la mtawala yeyote. Hawa ndugu waliweka majina yao, mmoja huku, mwingine kule. Mwaka 758 Eadberht aliachia ufalme akaingia utawani York, na kumbukumbu za kale zinasema wote wawili wamezikwa mjini humo katika kibaraza kimoja cha kanisa. Mdogo wangu ni padri Songea. Nilimrushia picha WhatsApp, akapiga simu hapo hapo.

Kilichonifanya nimwamini muuzaji ni asili ya sarafu. Iliokotwa Yorkshire na mtu mwenye mashine ya kutambua metali, ikasajiliwa kwenye orodha ya Early Medieval Corpus ya Fitzwilliam Museum, Cambridge, ambayo yeyote anaweza kuisoma mtandaoni bure. Niliingiza namba aliyonipa, nikaikuta, pamoja na parokia ilikookotwa. Asiyeweza kukwambia sarafu yake imetoka wapi, muache na mali yake.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya kifuko. Aliituma ndani ya plastiki laini ya PVC, ambayo kadiri inavyozeeka hutoa asidi na kuacha ute wa kijani kwenye fedha. Kitu kimekaa ardhini zaidi ya miaka 1,200 kikatoka salama, halafu unakifunga ndani ya hiyo! Nilimwandikia, kesho yake aliomba radhi na kunitumia kasha gumu la duara bila malipo.

Anayetaka maandishi makubwa zaidi atafute peni za maaskofu wakuu wa Canterbury, kuanzia Jaenberht, aliyetoa sarafu pamoja na Mfalme Offa, hadi Plegmund. Ya Wulfred, mmoja wao, ndiyo naiota: uso wake mwenyewe unakutazama, utosi umenyolewa kitawa, na jina la mfalme halimo kabisa. Bei yake ni ya watu wengine. Na ukitaka kuipeleka sarafu nyumbani, ulizia kwanza kibali cha kuitoa Uingereza. Muuzaji huyu hujaza fomu mwenyewe kwa wateja wa nje.