Holman na Ryan: vita moja, chama kimoja, njia mbili

Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya Australia ilitaka vijana wapelekwe vitani Ulaya kwa lazima. Chama cha Labor, yaani chama cha wafanyakazi, kikapasuka kwa suala hilo.

Huko New South Wales, Waziri Mkuu wa jimbo, William Holman wa Labor, aliunga mkono mpango huo. Chama kikamfukuza yeye na wenzake kadhaa. Hakuondoka madarakani: aliungana na Waliberali aliokuwa akipambana nao, kikazaliwa chama cha Nationalist, akashinda uchaguzi wa 1917. Kumbuka, wapiga kura wa jimbo lake walikuwa wamekataa kulazimisha watu kwenda vitani katika kura ya maoni ya Oktoba 1916. Kwangu, ushindi wake wa 1917 haumtetei.

Jimbo la Queensland lilikuwa na Waziri Mkuu wake, T. J. Ryan, naye wa Labor. Hakupinga vita, alipinga kulazimisha watu. Chama chake huko kikabaki kimoja. Novemba 1917 alisoma bungeni hoja zilizozuiwa na wadhibiti wa habari, nazo zikachapwa kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge. Waziri Mkuu wa nchi, Billy Hughes, akaagiza msako usiku kwenye kiwanda cha uchapaji cha serikali, Brisbane, nakala zikachukuliwa. Ryan alishinda tena 1918. Holman alianguka 1920, akapoteza hata kiti chake.