Hojaji ya PCL-5: inapima mwezi uliopita, haioni mwaka ujao

Hojaji ya PCL-5, inayopima dalili za PTSD (kiwewe kinachobaki baada ya tukio la kutisha), iliyotayarishwa na Kituo cha Taifa cha PTSD cha Marekani na kutolewa bure, nimeitumia kama mshauri nasaha wa kujitolea kwa waathiriwa wa mafuriko ya Aprili 2024 huko Mathare, Nairobi. Ina maswali 20 kuhusu mwezi uliopita, kila jibu likipewa alama 0 hadi 4, na anayefikisha alama 31 hadi 33 au zaidi huhitaji kuonwa na mtaalamu kwa uchunguzi kamili. Kwa kazi hiyo ya kuchuja naisifu: haichukui muda, na hata anayesomewa maswali hachoki.

Ugumu ulianzia kwenye tafsiri yetu. Viwango viwili vya juu tuliviandika "sana" na "sana mno", na wengi hawakuona tofauti. Swali la 18, linalohusu kushtuka upesi, mama mmoja alinirudishia: "Mwanangu, kushtuka kwa mvua, au kwa mwenye nyumba anapogonga mlango?" Nilimwandikia 3, wala sijui hiyo tatu ilikuwa ya mvua au ya kodi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoitumia kubashiri nani atabaki na kiwewe kwa miaka. Alama za juu za mapema ni ishara ya kweli, ila si ishara pekee. Baada ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi kulipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, daktari wa akili Frank Njenga na wenzake walikusanya majibu ya watu 2,883 katika miezi michache ya mwanzo, wakakuta asilimia 35 wana dalili zinazokaribia vigezo vya PTSD. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na dalili hizo ni kufiwa, jeraha lisilopona, shida ya fedha tangu mlipuko na kutokuwa na rafiki wa kumweleza yaliyo moyoni. Kuhusu fedha na rafiki, PCL-5 iko kimya.

Kijana mmoja alipata alama 14 mwezi wa pili baada ya mafuriko, nikamweka pembeni. Mwezi wa nane, mtaji wake wa mitumba uliosombwa ukiwa haujarudi, alipata 39.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Siku hizi nyuma ya kila karatasi naongeza maswali mawili kwa kalamu, kodi inalipwaje na usiku unazungumza na nani, kisha naandika tarehe ya kurudi baada ya miezi sita, hata kwa aliyepata sifuri.