TAHADHARI: Mpima anayeletwa na dalali, nyumba na viwanja vya Mwanza

Mnaonunua nyumba au viwanja Ilemela, Nyamagana na kandokando ya ziwa, kuna mchezo unaumiza watu. Dalali anakuja na mpima wake. Kijana kavaa kizibao cha kung'aa, kashika GPS ya mkononi, anazunguka dakika 15, anakuonyesha bikoni nne (alama za zege za kona za kiwanja) na kusaini karatasi. Ukiuliza ada, unaambiwa muuzaji kashamaliza. Hapo ndipo pa kushtukia.

Kile kidude cha mkononi hukosea mita 3 hadi 5, na zaidi ya hapo chini ya miti au ubavuni mwa majabali yetu. Kwenye kiwanja cha 20 kwa 30, ukipunjwa mita 4 za upana umepoteza mita za mraba 120. Mpima wa kweli huja na mashine inayosoma kwa sentimita, na haanzii kwenye bikoni za kiwanja hicho. Huanzia kwenye alama za upimaji za serikali, au bikoni za jirani zilizothibitishwa. Kwa nini? Kwa sababu mjanja hahamishi bikoni moja, anahamisha zote nne kwa pamoja. Ukivuta futikamba unapata 20 kwa 30 safi kabisa, kumbe kiwanja kizima kimeingia kwa jirani au kimekalia barabara.

Na usijifariji kwamba utahakiki kwa simu. Ramani nyingi za upimaji nchini zimetumia mfumo wa namba za mahali uitwao Arc 1960, simu inatumia mwingine, WGS 84. Ukiingiza namba za ramani kwenye simu kama zilivyo, unatua karibu mita 300 kutoka penyewe. Tapeli anaipenda sana tofauti hiyo: kila kitu kisipolingana, anasema "ni mfumo tu huo, bosi."

Neno "kimepimwa" nalo lina uongo mwingi. Mchoro wa mipango miji si upimaji. Bikoni za urasimishaji (kupima makazi yaliyojengwa bila mpango) ambazo ramani yake haijaidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani ni zege tu. Namba ya kiwanja na kitalu haitoshi, dai namba ya ramani ya upimaji, kisha nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ya halmashauri ukaione. Upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani kukagua kwenye daftari mmiliki ni nani, fanya wewe, ulipie kwa kumbukumbu namba ya serikali. Majibu ya upekuzi yanayotoka kwenye bahasha ya dalali hayana kazi.

Mpima mtafute wewe, mlipe wewe, na dalali asimjue jina mpaka siku ya kazi. Omba usajili wake wa kitaaluma kabla ya bei. Mkubaliane kwa maandishi atakuletea nini: vipimo vya kila kona, vya kwenye ramani na alivyovikuta, na tofauti yake. Siku hiyo majirani na mwenyekiti wa mtaa wawepo.

Kwa nyumba za ufukweni, aandike pia umbali hadi ukingo wa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60, na waliokuwepo 2020 na 2024 wanajua maji yalifika wapi.

Mthamini wa benki hahakiki mipaka, anakadiria thamani. Na nyufa si kazi ya mpima, hiyo mwite mhandisi, hasa nyumba za mlimani: nusu ya msingi iko juu ya jabali, nusu juu ya kifusi. Kifusi kikishuka, ufa unaanza kona ya dirisha na kupanda mshazari. Rangi mpya upande mmoja tu wa nyumba ikuulize maswali.

Usitoe hata kishika uchumba kabla ya ripoti. Utaambiwa kuna mchimbaji wa Geita anakuja jioni na fedha taslimu. Mwache anunue.