Lichess kwa wachezaji wa dakika tatu: uzoefu wangu hapa Lubumbashi

Kama unacheza chesi ya haraka mtandaoni na kiwango chako kimegoma kupanda, Lichess, tovuti na programu ya simu ya kuchezea chesi, inatosha, na huhitaji kulipa hata franka moja. Nimeitumia muda mrefu hapa Lubumbashi, kwenye simu ya kawaida, kwa mega za intaneti za kununua kidogo kidogo, na chesi hailambi mega hata kidogo ukilinganisha na video. Ila faida yake kubwa haiko kwenye kitufe cha kuanzisha mchezo. Iko kwenye vile vitu vya pembeni ambavyo wachezaji wengi hawavigusi.

Ilianzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis. Inaendeshwa kwa michango, haina matangazo, na kila chombo kilichomo kiko wazi kwa kila mtu. Kasi za mchezo, yaani buleti (kama dakika moja), blitzi (kama zile dakika tatu) na rapidi (ndefu zaidi), kila moja ina alama zake, zikianzia 1500, kwa hiyo matokeo mabaya ya buleti hayagusi alama zako za blitzi.

Kilichoinua mchezo wangu kuliko vyote ni nyongeza ya sekunde. Vijana wengi ninaocheza nao hupenda 3+0: kila mmoja dakika tatu, zikiisha zimeisha. Mimi nilihamia 3+2, ambapo kila ukicheza hatua unaongezewa sekunde mbili. Piga hesabu: mchezo ukifika hatua 60, umepata dakika mbili nzima juu ya zile tatu. Huo ndio muda unaotumika hata kwenye ubingwa wa dunia wa blitzi wa FIDE, shirikisho la chesi la dunia. Kwenye 3+0 mtu anapoteza malkia, halafu anaendelea kusogeza kete ovyo mpaka saa yako inakufa, na ushindi unaandikwa kwa jina lake. Hilo linaniudhi kweli. Kwenye 3+2 aliyecheza vizuri anapata nafasi ya kumaliza kazi.

Na kumaliza kazi nako kunafundishwa. Chukua mfalme na ngome dhidi ya mfalme peke yake, nawe umebaki na sekunde nne. Ukianza kufikiri hapo, umekwisha. Mkono ndio unatakiwa ujue. Ngome inafunga mstari ili mfalme wa adui asivuke. Mfalme wako anasogea mpaka wafalme wawili wanatazamana uso kwa uso, mraba mmoja katikati. Hapo ngome inatoa sheki, yaani inamshambulia mfalme wa adui, naye analazimika kurudi mstari mmoja nyuma. Akiikimbilia ngome kutaka kuila, unaihamishia upande wa pili wa ubao, kwenye mstari uleule, na kazi inaendelea mpaka ukingoni. Sehemu ya mazoezi ya Lichess inakupa hali hiyohiyo, kompyuta ikijitetea kwa nguvu zote, nawe unarudia mpaka iingie damuni. Mdogo wangu, tunayekaa naye Kamalondo, alizoea kunisimamia begani akipiga kelele, "Yaya, cheza, saa inaisha!" Siku hizi anaifanya mati ile, yaani kumfunga mfalme asiwe na pa kwenda, mwenyewe bila hata kuitazama saa.

Chombo cha pili ninachokithamini ni grafu ya muda. Fungua mchezo uliokwisha, ingia kwenye uchambuzi, utaona nguzo za sekunde zilizotumika kwa kila hatua. Angalia nguzo ndefu zimesimama wapi. Mara nyingi ziko mwanzoni kabisa, mahali ambapo jibu lilipaswa kuwa tayari kichwani. Kwenye Caro-Kann, ufunguzi mmoja wa mwenye kete nyeusi, kwa mfano, mweupe akisukuma askari wake hadi mraba wa e5 hatua ya tatu, askofu wa mweusi hutoka kwenda f5. Kutumia sekunde 20 hapo ni kuzitupa, na zitakukosesha usingizi kwenye hatua ya 35. Ndiyo maana napenda pia kitabu chao cha ufunguzi: unachuja michezo kwa kasi na kwa kiwango, unaona wachezaji wa blitzi wa ngazi yako hujibu nini hasa, badala ya kukariri hatua za mabingwa ambazo hakuna atakayekuchezea. Unaweza hata kuweka jina la akaunti yako, ukaona ni ufunguzi upi unaokupa ushindi na upi unakuangusha.

Ukiomba uchambuzi wa kompyuta, Stockfish, programu inayokokotoa hatua bora, hufanya kazi kwenye mashine za watu waliojitolea, siyo kwenye simu yako. Kwa mtaa ambao umeme hukatika bila taarifa, betri ni mali. Mafumbo nayo programu ya simu huyahifadhi kiasi, ukayatatua hata mtandao ukiwa haupo. Kwa kasi ya macho natumia Puzzle Storm: dakika tatu, mafumbo yanaanza mepesi na kuzidi ugumu, ukikosea unakatwa sekunde kumi. Inafundisha kuona uma wa farasi, yaani farasi kushambulia kete mbili kwa pamoja, papo hapo.

Sasa buleti ya dakika moja. Kwa sisi wa Katanga siipendekezi. Seva ziko Ulaya, mbali mno, na ingawa Lichess hukurudishia sehemu ya muda uliopotea njiani, hairudishi wote. Mvua kubwa ikishuka na mtandao ukalegea, hakuna ustadi utakaokuokoa. Sekunde mbili za nyongeza zinaumeza ucheleweshaji huo. Kuna pia kucheza hatua kabla ya zamu yako, ambayo haikugharimu muda wowote, lakini itumie pale tu ambapo adui ana jibu moja, kama kula kete uliyomlazimisha ale.

Pungufu moja lipo. Stockfish itakuonyesha hatua bora. Sababu yake kwa maneno ya binadamu haitakupa. Hilo mimi nalitatua kwa ile sehemu ya kuandaa masomo: naweka mchezo wangu humo, natuma kiungo kwa rafiki yangu wa Likasi anayenizidi kiwango, naye ananiandikia chini ya hatua kwa Kiswahili, "Hapa ngome yako ilikuwa imelala, ungeitoa kwanza." Jioni nikipata mtandao nasoma, nachukua ubao wa mbao, nazipanga kete upya kuanzia hatua ile.