Wicca: kuingia koveni au kufanya peke yako?

Mi naona mtu anayeanza Wicca, yaani dini ya kipagani ya kisasa yenye mambo ya uchawi, asikimbilie koveni, kile kikundi kidogo cha wafuasi wanaofanya ibada pamoja. Kweli kule ndo kwenye mzizi wenyewe, njia ya Gerald Gardner wa Uingereza miaka ya 1950, unaingizwa rasmi, kuna daraja 3, mara nyingi unasubiri mwaka na siku moja kwanza, halafu unakuwa na watu wa kukusahihisha na hiyo ni faida kubwa sana jamani. Ila kuna viapo vya siri, na ukiangukia kwa kiongozi mbabe utaumia.

Peke yako, njia aliyoieneza sana Scott Cunningham kwa kitabu chake cha 1988, unajiweka wakfu mwenyewe, sikukuu 8 za mwaka unazifanya kwa nafasi yako, nidhamu tu ndo shida. Anzia hapo, koveni utaitafuta ukishajua unataka nini.