Lamu walienda kortini, Gazi wakapima mikoko

Pwani ya Kenya ina njia mbili za kukabili mabadiliko ya tabianchi, na hazifanani hata kidogo.

Lamu walipinga. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulipangwa kujengwa Kwasasi. Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji, na wenzao wakakata rufaa, na mwezi Juni 2019 leseni ya mazingira ya mtambo huo ikafutwa, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ushindi mkubwa, ila hauleti senti mfukoni mwa mvuvi.

Gazi, kule Kwale, wanauza. Mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 hivi. Mtu anaingia topeni na utepe, anazungusha shina la mkoko, anaandika kipenyo. Hesabu hiyo huonyesha kaboni kiasi gani mikoko imehifadhi, nayo ndiyo msingi wa hati za kaboni zinazouzwa ng'ambo kwa wanaotaka kufidia moshi wao. Pesa zimeleta maji na vitabu vya shule. Lakini boriti ni boriti: mwenye kujenga nyumba bado anazitamani. Tena mnunuzi wa hati hizo huenda anaendelea kufukiza moshi kwake.

Mimi ningeanza na Lamu. Mtambo ukishawaka, utepe wa Gazi utapima nini?