Sedani Moja kwa Kazi Mbili: Mwongozo wa Kununua Gari Dogo la Kifahari la Barabarani na la Saketi

BMW M3 ya kawaida ina nguvu za farasi 473, Cadillac CT4-V Blackwing ina 472, na Lexus IS 500 nayo ina 472, zote kwa kipimo kinachotumika Marekani, ambacho ndicho nitakachokifuata katika mwongozo huu. Mnunuzi anayetazama karatasi peke yake angeweza kudhani kwamba amewekewa mezani magari matatu yanayofanana, akachagua kwa rangi ya viti. Yakipelekwa kwenye saketi ya mbio na kuendeshwa kwa kasi kwa dakika ishirini mfululizo, magari hayo hutengana mapema, na linaloyatenganisha zaidi ni joto. Swali ambalo mnunuzi anapaswa kulijibu kabla ya yote ni hili: ni sedani ipi inayoweza kupigishwa mizunguko bila breki kulegea wala kompyuta kuipunguzia injini nguvu, kisha ikarudi nyumbani jioni na kuamkia safari ya kazini?

Hesabu yenyewe si ngumu. Gari lenye uzito wa kilo 1,700 linapopunguza mwendo kutoka kilomita 200 kwa saa hadi 100, sehemu kubwa ya karibu megajuli 2 za nishati huishia kwenye breki, nalo ni joto linaloweza kuchemsha takriban lita 6 za maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Hiyo ni kona moja tu, na kona ya pili inafika kabla diski hazijapoa. Ukiongeza kilo 400 juu ya gari hilo, kila kona ya namna hiyo huongezewa zaidi ya lita moja ya maji ya kuchemsha. Kwa sababu hiyo, katika kuyapanga magari haya nimeupa uzito na upoaji nafasi kubwa kuliko nguvu, kisha nikauliza kama gari linavumilika kila siku.

Nafasi ya kwanza naipa BMW M3 ya kizazi cha G80, iliyozinduliwa mwaka 2020. Injini yake ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 3.0, yenye turbo mbili (vifaa vinavyosukuma hewa zaidi ndani ya injini), na gari lina uzito wa karibu kilo 1,700 likiwa na gia za mkono na magurudumu ya nyuma pekee yanayosukuma. Toleo la Competition lilizinduliwa likiwa na nguvu 503 na gia otomatiki nane, na linapatikana pia likiwa na mfumo wa kusukuma magurudumu yote manne, ambao dereva anaweza kuuamuru uyaachie kazi yote magurudumu ya nyuma. Kinachonifanya niliweke juu ya mengine ni jinsi linavyomruhusu mtu kujifunza: mfumo wa kuzuia magurudumu yasizunguke ovyo una ngazi kumi, kwa hiyo dereva mgeni anaweza kuulegeza kidogo kidogo, msimu hadi msimu, badala ya kulazimika kuchagua kati ya ulinzi wote na kukosa ulinzi kabisa. Viti vya nyuma vinawatosha watu wazima, buti ina lita 480, na usukani hupatikana kulia au kushoto.

Ushauri wangu kwa anayeagiza M3 ni kupunguza tamaa ya mapambo. Breki za kaboni na kauri ni nyepesi na hustahimili joto kwa namna ya kupendeza, lakini diski zake zikiharibika kwenye saketi gharama ya kuzibadilisha huumiza, na breki hizo hukulazimisha kutumia rimu za inchi 19 mbele na 20 nyuma. Ukibaki na diski za chuma unaweza kutumia rimu za inchi 18 mbele na 19 nyuma, zenye matairi yaliyo manene zaidi pembeni, jambo ambalo mgongo wako na rimu zenyewe zitalishukuru kila mara barabara inapokuwa na mashimo. Viti vya kaboni vya kubana nyonga navyo ni vizuri kwenye kona, ila vina nundu ngumu katikati ya mapaja, na mtu anayepanda na kushuka mara sita kwa siku atavichoka kabla ya mwezi kwisha.

CT4-V Blackwing inashika nafasi ya pili, na kwa anayejali saketi kuliko viti vya nyuma ningeipandisha iwe ya kwanza bila kusita. Ilianza kuuzwa kama modeli ya mwaka 2022, ikiwa na injini ya V6, yaani ya silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V, ya lita 3.6 na turbo mbili, gia sita za mkono au kumi za otomatiki, magurudumu ya nyuma yakisukuma. Shokapu zake hutumia majimaji yenye chembe za chuma, na sumaku huyafanya kuwa mazito au mepesi kwa kasi ambayo mwili hauwezi kuitambua, hivyo gari hupita juu ya matuta ya mjini kwa upole na kusimama imara kwenye kona dakika chache baadaye. Rimu zake ni za inchi 18 mbele na nyuma, kwa hiyo seti ya pili ya matairi ya saketi haigharimu kama ile ya inchi 20. Yapo mawili yanayoishusha. Watu wazima hubanwa nyuma, na usukani hutengenezwa upande wa kushoto tu, jambo linaloifanya iwe taabu kwa mnunuzi wa nchi ambako magari hupita kushoto.

Ya tatu ni Alfa Romeo Giulia Quadrifoglio, gari ambalo moyo wangu ungelichagua kama kichwa kisingeingilia. Lilioneshwa mara ya kwanza mwaka 2015, likiwa na injini ya V6 ya lita 2.9 yenye nguvu 505, boneti ya kaboni na hata shafti ya kaboni ya kupeleka nguvu nyuma, na mwaka 2016 lilizunguka Nürburgring, saketi ndefu ya Ujerumani, kwa dakika 7 na sekunde 32. Usukani wake ni mwepesi wa kuitika kuliko wa gari lolote katika orodha hii. Dereva husogeza mikono kidogo tu na pua imeshaingia kwenye kona. Shida yake ni kwamba ili uzime ulinzi wa kuteleza ni lazima uchague hali ya Race, ambayo huuondoa wote kwa mkupuo, na hilo si jambo ninaloweza kumshauri mtu anayeanza kujifunza. Anayenunua jipya au lililotumika kidogo atafute lililotengenezwa baada ya maboresho ya mwaka 2023, kwa kuwa difu yake ya nyuma, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, ilibadilishwa kuwa ya kimakanika, na gari hutabirika zaidi linapotoka kwenye kona.

Audi RS3 ni ya nne. Ni ndogo na nyepesi kiasi, injini yake ya silinda tano ina nguvu 401, na mfumo wake wa nyuma unaweza kulielekezea gurudumu moja nguvu yote iliyofika kwenye ekseli hiyo. Kwenye mvua nisingependa kufukuzana nayo. Hata hivyo injini imewekwa mbele kabisa, na ukiingia kona kwa pupa matairi ya mbele ndiyo hulia na kuchakaa kwanza.

Lexus IS 500 naiweka ya tano kwa masikitiko, kwa sababu V8 yake ya lita 5.0 isiyo na turbo ni raha ya kila siku. Lakini shokapu zake zimepangwa kwa ajili ya barabara, na anayetaka kwenda saketi kila mwezi atalazimika kubadilisha mengi.

Mwisho ni Mercedes-AMG C63 S E Performance, yenye nguvu 671 kutoka kwa injini ya lita 2.0 ya silinda nne ikisaidiana na mota ya umeme iliyo nyuma. Uhandisi wake unastahili heshima. Hata hivyo gari lina zaidi ya kilo 2,100, na ile hesabu ya maji yanayochemka hailisamehe gari lolote kwa sababu ya ustadi wa waliolibuni; kila linapokaribia kona, breki na matairi hubeba mzigo ambao M3 haina. Kwa safari ndefu za barabara kuu ningelipandisha nafasi kadhaa.

Anayenunua lililotumika atakutana na M3 ya zamani ya kizazi cha E90, yenye V8 inayofika mizunguko 8,400 kwa dakika. Ni injini ya kupendeza mno, ila usilipe kabla fundi hajakuthibitishia hali ya beringi za konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na shafti kuu ya injini), kwani ndipo udhaifu wake unapojulikana kuwa, na beringi ikifa huondoka na injini nzima.

Lolote utakalochagua, tenga fedha za mafuta ya breki kabla ya fedha za vipodozi. Kiwango cha DOT 4 kinadai mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi 155, na mafuta yakichemka hutoa mvuke, pedali ikazama hadi sakafuni. Badilisha mafuta hayo kabla ya siku ya kwanza ya saketi, weka pedi zinazostahimili joto, na usome mkataba wa bima neno kwa neno, kwa maana bima nyingi za kawaida hazigusi ajali iliyotokea kwenye saketi. Katika mzunguko wa mwisho endesha polepole bila kugusa breki ila kwa lazima, na ukishaegesha usivute breki ya mkono, kwa sababu pedi zilizochemka hazipaswi kuachwa zikibana diski za moto. Magari mengi ya sasa huifunga breki hiyo yenyewe injini inapozimwa, hivyo jifunze mapema namna ya kuizuia, na uweke kigingi nyuma ya gurudumu.